Mtungi Uliokwenda Mdahaloni

Katika nchi ile, ambayo haifanani na yetu hata kidogo, na atakayeona inafanana shauri yake, wagombea urais hawaruhusiwi kushindana kwa maneno matupu. Sheria imekataza. Zamani, wanasema, mgombea mmoja aliahidi reli nchi nzima, akachaguliwa, akaapishwa, ndipo ikagundulika kwamba alidhani reli ni aina ya boti. Taifa likaona aibu. Wabunge wakakaa, wakala, wakakaa tena, wakapitisha Sheria ya Kitu Chenyewe: sera yoyote ya uchumi itajadiliwa mbele ya kitu chenyewe kinachojadiliwa, kikiwa jukwaani, kionekane kwa macho na kiguswe kwa mkono.

Ni sheria nzuri sana. Wataalamu kutoka nje huja kujifunza.

Na kwa kuwa ile ni nchi ya haki, vitu vyenyewe havichukuliwi mji mkuu, ambako viko vingi na vina wenyewe. Huchukuliwa Kokoto.

Kokoto ni wilaya ya waponda mawe. Ikulu imejengwa kwa kokoto zao, Bunge vilevile, na ukuta unaozunguka Bunge, na ukuta unaozunguka huo ukuta. Wao wenyewe wanaishi kwenye nyumba za udongo, maana jiwe ni la kuuza. Hapo ndipo alipozaliwa Nyamizi, akaolewa hapo hapo na Masunga, mponda mawe aliyekuwa na sauti ya kuita watu kutoka upande wa pili wa machimbo bila kunyanyuka alipokaa.

Nyamizi aliijua Sheria ya Kitu Chenyewe kuliko walioitunga. Mwaka wa barabara alikuwa bibi harusi. Aliwaona watu wa serikali wakibandua lami ya Kokoto, kipande pekee cha lami walichokuwa nacho, kutoka sokoni hadi hospitalini. Wakaipakia kwenye malori kama mikate na kwenda kuitandaza jukwaani. Mgombea mmoja akasema lami ni jukumu la serikali. Mwingine akasema lami ni jukumu la mwenye gari. Mdahalo ulisifiwa sana. Lami haikurudi. Mwaka wa maji wakachukua pampu ya kisima. Mwaka wa elimu wakachukua madawati, na mpaka leo watu wa Kokoto wa rika lile wakitaka kuandika barua hulala kifudifudi.

Watu wengine nchini walikuwa wamesahau. Kusahau kulikuwa kunafundishwa, tena vizuri, redioni kila asubuhi. Nyamizi hakuwa na redio.

Basi ukafika mwaka wa hewa.

*

Mada ilitangazwa kwa kishindo: "Matumizi ya Serikali: Je, Pumzi ya Mwananchi Ilipiwe na Nani?" Wagombea walikuwa wawili. Wa kwanza, Mheshimiwa Salmini Mkwachu, aliamini kwamba serikali itumie, itumie tena, na ikiishiwa ikope itumie. Watu walimwita Mwaga. Wa pili, Mheshimiwa Profesa Theobald Kihamba, aliamini kwamba serikali isitumie kitu, hasa kwa watu wasio na kitu, kwa sababu watazoea. Huyo walimwita Bana. Mwaga alikuwa mnene na Bana mwembamba, jambo lililowasaidia sana wachora katuni, lakini walishonewa suti na fundi mmoja, na suti zote mbili zilikatiwa risiti kwenye fungu moja la serikali.

Nyamizi hayo hayakumshughulisha. Alikuwa hospitali ya wilaya, ameketi kwenye ukingo wa kitanda cha Masunga.

Vumbi la mawe lilikuwa limemkaa mumewe kifuani miaka mingi, kimyakimya, kama mpangaji asiyelipa na asiyeondoka. Sasa alikuwa anapumua kwa barakoa iliyounganishwa na mtungi wa oksijeni. Ulikuwa mtungi pekee wenye hewa. Mingine ilipelekwa kujazwa wakati wa uchaguzi uliopita, haikurudi. Ile sauti yake ya machimboni ilikuwa imebaki mnong'ono, na kila neno alilitoa kwa mpango, kama mtu anayemaliza sukari ya mwisho nyumbani. Ajabu ni kwamba maneno yenyewe mengi aliyatumia kwenye utani.

"Mama Shija," alimwita mkewe asubuhi ya siku ya mdahalo, kwa jina la binti yao aliyeolewa mbali. "Uji wa leo… umepikwa na adui."

"Kunywa, baba Shija. Adui mwenyewe ni mimi."

Akacheka. Kucheka kulimtoa jasho, lakini alicheka.

Ndipo akaingia mtu wa makamo aliyevaa tai, akiwa na wapagazi wawili na kitambaa cha hariri. Alijitambulisha: Bwana Zefania, Afisa Mwandamizi wa Vitu Vyenyewe kutoka Tume ya Midahalo. Aliinama mbele ya mtungi. Wapagazi nao wakainama.

Nesi Pelagia, muuguzi wa zamu, akasimama katikati. "Samahani, baba, mtungi unatumika. Huoni mgonjwa?"

"Naona, sista, na ndiyo sifa yake. Kitu kisichotumika hatukichukui. Wananchi wangetucheka."

"Na mgonjwa je?"

"Mada ni mtungi. Mgonjwa hayumo kwenye mada."

Nyamizi alisimama. "Utarudi lini?"

"Mdahalo ukiisha tu, mama. Usiwe na shaka."

"Na lami?"

"Lami ipi?"

"Ya mwaka wa barabara. Na pampu. Na madawati. Mlisema mdahalo ukiisha tu."

Zefania akatabasamu kwa upole wa mtu aliyesomea kutabasamu. "Mama yangu, mimi nimeajiriwa juzi."

Nesi Pelagia alishika mpira wa barakoa asiuachie. Mpagazi mmoja akamshika mkono, kwa heshima zote, akauondoa kidole kimoja kimoja. Nesi na Nyamizi wakamwinua Masunga, wakamwegemeza kwenye mito yote iliyokuwepo wodini, na wagonjwa wengine wakatoa ya kwao. Nesi alimvuta Nyamizi kando.

"Akikaa hivi hivi ameinuka, bila kuongea, anaweza kustahimili mpaka jioni. Jioni, mama Shija. Sisemi usiku."

Zefania alisikia, akaguswa. Akasema kuna njia. Tume ilikuwa bado haijampata Mwananchi wa Kawaida, yule anayekaa jukwaani kando ya kitu ili wagombea wamwelekeze maneno. Mwananchi wa Kawaida hupewa kiti, soda, na haki ya kuuliza swali moja. Mama akitaka, aje. Na mdahalo ukiisha atarudi na mtungi wake mwenyewe.

Nyamizi alimtazama mumewe. Masunga akamwashiria asogee, midomo ikagusa sikio lake.

"Nenda. Kaa karibu na mtungi."

"Na wewe usiseme neno mpaka nirudi. Umenisikia? Hata utani."

Masunga akaweka kidole mdomoni, kama mtoto aliyeambiwa anyamaze kanisani.

*

Mtungi ulipanda gari jeusi, kiti cha nyuma, ukafungwa mkanda. Mwananchi wa Kawaida alipanda nyuma ya pikapu pamoja na maspika. Kila mahali msafara ulipopita askari alipiga saluti, si kwa wagombea, ambao walikuwa wametangulia, bali kwa mtungi. Barabara ilikuwa mashimo matupu, kwa kuwa lami yake, kama tulivyosema, ilikuwa imekwenda kujadiliwa.

Uwanja wa mkoa ulikuwa umefurika. Mtungi uliwekwa katikati ya jukwaa juu ya zulia. Nyamizi akakalishwa kando yake kwenye kiti cha plastiki na kupewa soda, na kwenye kifua chake wakabandika kibandiko: KAWAIDA. Kila kitu kilichosemwa kilirushwa redioni moja kwa moja.

Mwaga alianza. Alipanda jukwaani akiwa tayari analia.

"Ndugu zangu! Nikimtazama mama huyu, namwona mama yangu! Nikiutazama mtungi huu, namwona baba yangu! Nasema hivi: katika serikali yangu kila raia atakuwa na mtungi wake, wenye jina lake, tangu tumboni! Nitaunda Wizara ya Hewa! Itakuwa na manaibu waziri wawili, mmoja wa Kuvuta, mmoja wa Kutoa! Makao makuu yatakuwa ghorofa arobaini, maana hewa ya juu ni safi zaidi! Fedha zitatoka wapi? Wanauliza hao wachawi wa maendeleo. Tutakopa! Na dhamana tunayo: upepo wa milimani, wote, kwa miaka tisini na tisa!"

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele.

"Serikali yangu haitakuwa na mkono wa birika," aliendelea. "Itakuwa hivi!" Akaushika mtungi na kuifungua koki mpaka mwisho. Hewa ikatoka kwa mluzi mkali, bendera za jukwaani zikapepea. Watu wa mbele wakapanua vifua. Mmoja akapiga kelele kwamba amepona.

Nyamizi aliinuka mzima mzima kwenye kiti. Macho yake yalikuwa kwenye saa ya mtungi, ile yenye mshale. Mshale ulikuwa unashuka.

"Baba, funga! Funga hiyo!"

Zefania akamkalisha kwa ncha za vidole. "Zamu yako mwishoni, mama."

Bana akapanda. Huyu hakulia. Alifuta miwani, akatazama uwanja kama mwalimu anayejua wote wamefeli, na akaifunga koki. Kwa mara ya kwanza na ya mwisho Nyamizi alimpenda mwanasiasa.

"Wananchi," alisema Bana, "taifa hili linaishi juu ya uwezo wa mapafu yake. Mnavuta hewa mkiwa kazini, sawa. Mnavuta mkiwa mmekaa, kwa nini? Mnavuta mkiwa mmelala! Mtu amelala, hazalishi chochote, na bado anavuta! Nani analipia? Nitaondoa ruzuku yote kwenye pumzi. Soko lenyewe litapanga nani avute na nani asubiri. Mwanzo itauma. Kifua kitabana. Lakini kifua kinachobanwa ndicho kinachopanuka. Mimi mwenyewe nimefunga mkanda." Akaonyesha mkanda. Ulikuwa mzuri, wa ngozi ya mamba.

Kisha akasema kwamba raia hawezi kuthamini kitu asichojua hasara ya kukipoteza, kwa hiyo angependa kuwaonyesha jinsi upotevu unavyokuwa. Akaifungua koki.

"Sikilizeni!" alisema, kidole juu. "Hii ndiyo sauti ya ubadhirifu!"

Uwanja mzima ulisikiliza kwa utulivu mkubwa. Mluzi ukawa mrefu. Mwaga akadai haki ya kujibu, akisema ile si sauti ya ubadhirifu bali ya ukarimu. Bana akasema hata kiziwi angesikia ni ubadhirifu. Wakaitwa maprofesa wawili, mmoja wa kila upande, wakainama, wakaweka masikio kwenye koki, na kila mmoja akasikia alicholipwa kusikia. Ikaombwa nyongeza ya muda. Tume ikakubali, kwa maslahi ya demokrasia.

Nyamizi alikuwa hasikii tena maneno. Mshale ulipofika kwenye rangi nyekundu alisimama, na safari hii alipokalishwa hakukalika.

"Zamu yangu!"

Zefania akatazama saa yake, akakiri kwamba kweli, zamu imefika. Akampa kipaza sauti. Watu wakanyamaza, kwa kuwa Mwananchi wa Kawaida ni kipindi kinachopendwa.

"Naomba mtungi," alisema Nyamizi.

Kicheko kidogo kilipita uwanjani. Zefania akamnong'oneza kwamba lile ni ombi, na kanuni inataka swali.

Nyamizi akaligeuza kuwa swali. "Je, naweza kuuchukua mtungi? Mume wangu ni mponda mawe. Yuko kitandani Kokoto, mlimvua barakoa asubuhi. Anaitwa Masunga. Je, naweza kuuchukua sasa, ungali na kidogo?"

Mwaga alimkumbatia. "Mama, moyo wangu unavuja damu. Lakini nikikupa mtungi leo, kabla ya kura, hiyo ni rushwa ya uchaguzi. Nitakupa nikishashinda. Naheshimu sheria."

Bana naye akasogea kwenye kipaza sauti. "Kwa mara ya kwanza nakubaliana na mpinzani wangu. Kumpa ni ruzuku, na ruzuku inamharibu mtu. Asipewe."

Halafu watu wakatambua kilichotokea: wagombea wamekubaliana! Uwanja mzima ukasimama. Watu wakakumbatiana na wasiowajua. Bendi ikapiga wimbo wa taifa, Mwaga na Bana wakashikana mikono juu ya mtungi, wapiga picha wakawaomba warudie, wakarudia. Magazeti ya kesho yake yaliandika kwamba umoja wa kitaifa umezaliwa.

Wimbo ulipoisha, mluzi nao ulikuwa umeisha.

Hapo Zefania akaukagua mtungi, akaugonga, akasema kwa kuwa umeisha hauna tena sifa ya kuwa kitu chenyewe. Mama anaweza kuuchukua. Akaufungia utepe wa rangi za bendera.

*

Msafara ulikwisha kuondoka. Nyamizi alirudi na lori la kokoto lililokuwa linarudi tupu. Dereva alikuwa mtu wa kwao, na alikuwa amesikiliza redio. Alikanyaga mafuta kwenye mashimo kama mtu aliyeiba lori. Nyamizi alikuwa ameupakata mtungi mapajani. Alijua ni mtupu. Aliupakata tu.

Jua lilikuwa bado halijazama. Hilo alilisema baadaye kwa kila mtu: jua lilikuwa bado.

Nesi Pelagia alikuwa amekaa kwenye ngazi ya hospitali, kofia mkononi. Alipouona utepe akauficha uso.

"Nilikwambia jioni," alisema. "Mama Shija, nilikwambia jioni, na angefika. Alikuwa anakwenda vizuri. Alinyamaza kutwa nzima, kidole mdomoni, tukawa tunamcheka."

"Sasa ikawaje?"

"Tulifungua redio. Wodi ilitaka kusikia kama mtungi unarudi. Ukaja wewe. Uliposema jina lake…" Nesi akashindwa, akaanza upya. "Watu wa uwanjani walikuwa wamekucheka. Yeye akainuka kwenye mito. Nikamwambia tulia, baba. Hakutulia. Akaita, kwa ile sauti yake ya machimboni, sijui aliitoa wapi, wodi ya wanaume ikasikia na ya wanawake ikasikia: 'Huyo ni mke wangu!' Akatazama huku na huku kuona kama tumemsikia. Tukamwambia tumesikia. Akarudia: 'Huyo anayeuliza, ni mke wangu.' Basi. Hakuwa na pumzi nyingine."

Nyamizi alikaa kwenye ngazi kando ya nesi, mtungi katikati yao.

"Nilimwambia asiseme," alisema.

*

Kokoto wana desturi yao. Mponda mawe akifa, juu ya kaburi lake humwagwa kokoto alizoponda mwenyewe, zile za mwisho ambazo hazijapata mnunuzi. Lusendo, aliyeponda na Masunga bega kwa bega tangu ujana, alikuwa amekwisha kuzichota kwenye ndoo.

Kabla hajazimwaga, Bwana Zefania akafika. Alikuwa amevaa suti nyeusi, na alilia mahali panapostahili. Kisha akatangaza kwamba mdahalo wa kwanza umefana mno, na Tume imeandaa wa pili: "Matumizi ya Serikali Katika Mazishi: Je, Maskini Azikwe na Nani?" Kwa mujibu wa sheria, wangehitaji kaburi. Kaburi zima, na kilichomo. Wangelirudisha mdahalo ukiisha tu.

Nyamizi alimtazama Lusendo. Lusendo akaweka ndoo chini, akaondoka, na waponda mawe wote wakamfuata.

Machimboni kulikuwa na jiwe moja ambalo nyundo zote zilikuwa zimelishindwa. Masunga alikuwa amelipiga ujana wake wote, akaliacha, akawa analiita shemeji. Walilitoa kwa mitaimbo, magogo na kamba, wanaume kwa wanawake, wakikohoa, vumbi jeupe limewafunika mpaka kope. Watu ambao maisha yao yote waliwavunjia wengine mawe waliviringisha jiwe zima, wakaliweka juu ya Masunga.

Nyamizi akapanda akakaa juu yake.

Pikapu ya Tume ilikuja kesho yake, ikavuta, kamba ikakatika. Likaja tingatinga, likazama. Mwisho wakaja wagombea wenyewe. Mwaga akasema kreni inunuliwe na serikali, zinunuliwe kumi. Bana akasema mjane alipie mwenyewe kuondolewa jiwe, ndiyo njia pekee ya kumfunza. Wakabishana pale pale makaburini, kitu chenyewe kikiwa mbele yao, na kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile kitu hakikubebeka.

Walipochoka, Zefania alikumbuka utaratibu. Akamnyooshea Nyamizi kipaza sauti. "Mwananchi wa Kawaida, una swali?"

"Nilishauliza."

Mwaga akatabasamu. "Nikumbushe, mama. Uliuliza nini vile?"

Nyamizi alimtazama. Hakuona uongo usoni mwake. Mtu yule alikuwa amesahau kweli.

Ni Lusendo aliyeuliza, kutoka nyuma, nyundo begani: "Je, naweza kuuchukua mtungi?"

"Je, naweza kuuchukua sasa, ungali na kidogo?" akauliza nesi Pelagia.

Kisha mwingine, na mwingine, watu weupe kwa vumbi, wengine wakikatika katikati kwa kikohozi na jirani zao kuwamalizia. Waliuliza kama watu wanaosubiri kujibiwa. Bana alifuta miwani. Mwaga alitafuta machozi yake, hayakuja. Zefania akaangalia saa, akasema muda wa maswali umekwisha, wakapanda magari.

Magari yaliondoka polepole, maana barabara haikuwa na lami, na kwa mwendo ule walikuwa na nafasi ya kulisikia swali mpaka kwenye kona. Kuna wanaosema walipandisha vioo. Nyamizi hakugeuka kutazama. Alikuwa ameweka kiganja juu ya jiwe, kama anavyowekewa kifuani mtu aliyelala, kuona kama anapumua.